Midomo Ilipofunguliwa

Msomaji wa taarifa ya habari ya saa saba mchana alikuwa na midomo myembamba, na Bi Jalada alikuwa hampendi kwa hilo. Watu wa midomo myembamba hula maneno. Jumapili hiyo alisogeza kiti karibu na televisheni hadi magoti yakakaribia kugusa kioo, akayaona maneno yakipita moja moja: kuanzia kesho, kuvaa barakoa mahali penye watu, halafu kitu kidogo mno, meno yakifunguka na kufumba, halafu lazima.

Ni lazima au si lazima? Kwa mwenye masikio, hizo ni mbingu na ardhi. Kwa anayesoma midomo ni mapacha ambao hata mama yao huwachanganya.

Alikwenda dirishani kutafuta jibu. Ng'ambo ya barabara mwenye duka alikuwa ametoka nje. Alivua barakoa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akavuta pumzi hadi tumbo likatoka. Nyuma yake, ndani ya duka, mkewe aliipandisha yake mpaka chini ya macho na kuibana puani. Ikawa kama mume kasikia "si" na mke kasikia "ni."

"Binti yangu!" aliita. "Kasema ni au kasema si?"

Binti yake alitoka jikoni na mikono yenye povu. Kama alivyozoea, alimgeukia mama yake uso kwa uso kabla ya kufungua kinywa. "Si, mama. Si lazima tena. Anayetaka avae, asiyetaka avue."

Bi Jalada aliketi. Kisha akasimama, akaketi tena. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, na miguu ilikuwa haijui iende wapi kwa furaha.

Jina lake la kweli lilikuwa limesahaulika kazini. Alikuwa mjalidi mkuu wa kiwanda kidogo cha uchapaji, mtu wa kushona kurasa, kupaka gundi na kuvika vitabu majalada, na kwa miaka ishirini na sita kila kitabu kilichotoka pale kilipita mikononi mwake. Kile ambacho hakuna aliyekijua kazini ni kwamba masikio yake yalikuwa yamempa mkono wa kwaheri. Hayakuondoka siku moja. Kwanza waliondoka ndege. Halafu birika, halafu hodi ya mlangoni. Mashine ya kukunjia karatasi, iliyokuwa ikigonga pembeni yake tangu usichana wake, ilichukua sauti moja baada ya nyingine, na alipokuja kushtuka, ulikuwa umebaki mngurumo tu, kama watu wanaozungumza chini ya blanketi.

Hakumwambia mtu. Alijifundisha mwenyewe kusoma midomo, mbele ya kioo na mbele ya binti yake, akagundua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote alichowahi kukishona. Kwamba "baba," "mama" na "papa" ni neno moja machoni, na ukitaka kujua nani kafariki na nani kaliwa na wali, lazima usubiri sentensi iishe. Kwamba mwenye masharubu mazito ni mtihani, na mtafuna kitu ni adhabu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Bi Jalada alikuwa ameficha kwa ustadi ambao hata kifo chenyewe kingeomba somo. Tena kiwandani alionekana ndiye msikivu kuliko wote! Mtambo ukinguruma, wengine wanapiga kelele na kuwekeana mikono masikioni, yeye alimwelewa fundi mtambo kutoka upande wa pili wa ukumbi bila jasho. Walisema ana masikio ya popo. Naye alicheka, akawaacha waseme.

Ndipo ulipokuja ugonjwa ule, na nyuso zikafungwa kama maduka siku ya msiba.

Miaka miwili! Alisalimiwa asijue, akaulizwa asijibu. Alijifunza kuitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani, na mara nyingine aliitikia pale palipotakiwa akatae. Watu wakaanza kusema amepata majivuno. Siku moja mteja wa chama cha wastaafu alikuja kaunta, akaagiza vitabu arobaini kupitia vitambaa viwili vya barakoa, na Bi Jalada akashika neno moja tu kati ya kumi. Mteja alitaka majalada meusi. Akapewa mekundu, yamenakshiwa vizuri sana, yanang'aa kama pilipili. Bosi alimtazama siku ile kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko matusi. "Umri, Bi Jalada," alisema, na hilo alilisoma kwenye macho. Alikubali umri. Akaondolewa kaunta, kaunta akapewa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa msahihishaji wa kiwanda, mwanamke wa miaka kama arobaini aliyewahi kufundisha shule. Meza yake na ya Bi Jalada zilitazamana. Alikuwa na kalamu nyekundu ambayo haikumwonea haya mtu, hata mwenye kiwanda mwenyewe.

Jumatatu Bi Jalada alitoka mapema, uso wazi, kichwa juu. Mtaani kila mtu alikuwa amefanya sheria yake. Fundi viatu alikuwa mtupu uso mzima, anacheka na kila apitaye. Mwenye duka la dawa alikuwa ameivaa na kubandika tangazo jipya mlangoni kwamba kwake bado. Mwanamke mmoja aliining'iniza sikio moja kama hereni, tayari kwa lolote. Vijana wawili walikutana, mmoja akatoa mkono, mwingine akatoa kiwiko, wakagongana katikati wakaishia kucheka. Na mzee mmoja kituoni alikuwa akimwambia jirani yake, na Bi Jalada akayasoma maneno hayo kutoka ng'ambo ya barabara, wazi kama maandishi ya ukutani: "Ugonjwa hausikilizi taarifa ya habari, bwana."

Aliyasoma! Alisimama pale akasoma na jibu la jirani, na ubishi wa kondakta, na mama akimkemea mwanawe. Alikunywa maneno ya watu wasiomhusu mpaka akachelewa kazini.

Kiwandani fundi mtambo alikuwa ameshika jukwaa. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Chini ya barakoa alikuwa amefuga ndevu za kidevuni bila mtu kujua, nyembamba na ndefu, na wakataji karatasi wawili walikuwa wamejishika mbavu.

"Beberu!" alisema mmoja wao.

"Beberu ni wewe. Hii inaitwa heshima," alijibu Redio akiipapasa. "Mdomo wangu umekaa kifungoni miaka miwili, mniache uchanue. Bi Jalada! Kumbe ungali na mwanya wako?"

"Ulidhani nimeuuza?" alijibu papo hapo, na wote wakamgeukia. Ilikuwa zamani hawajamsikia akijibu hivyo. Asubuhi ile alitania, akataniwa, akamrekebisha mkataji kipimo cha karatasi kabla hajamaliza kukitamka. Alijiona amerudi kwenye nyumba yake mwenyewe baada ya safari ndefu.

Ila mbele yake, ng'ambo ya meza, Mwalimu alikuwa amevaa. Hakuwa amevaa moja, alikuwa amevaa mbili, nyeupe juu ya buluu.

"Mwalimu, hujapata habari?" Redio alimuuliza akipita na kopo la wino. "Au umetuficha meno?"

Kitambaa kilitikisika. Alijibu kitu kifupi. Redio aliinua mabega akaenda zake. Bi Jalada hakupata hata silabi, na moyoni alihisi kijiba. Kati ya watu wote kiwandani, ndiye huyu aliyemhitaji zaidi, kwa kuwa kila karatasi iliyokwenda kushonwa ilitoka mikononi mwake na maelezo yake. Wote wamefungua madirisha, kasoro nyumba ya jirani.

Saa tatu na nusu alipeleka kitabu ofisini kwa Bosi. Ofisi ilikuwa na ukuta wa kioo, na Bosi alikuwa kwenye simu, amegeukia ukumbini. Bi Jalada hakukusudia kusoma. Lakini mwambie mwenye macho asione! "Wateja wanasema pamekaa kihospitali," Bosi alikuwa akisema. "Wengine watavua. Huyu wa kaunta ndiye mgumu. Asipovua wiki hii, nitatafuta mtu mwingine."

Bi Jalada alirudi na kitabu chake mkononi. Na tusimpambe: wazo la kwanza lililomjia halikuwa la huruma. Alifikiri, kaunta itarudi kwangu.

Saa nne Bosi akazima mtambo na kuwaita wote kwenye meza ya kukunjia. Alikuwa mtu mwema anayeogopa wateja kuliko alivyomwogopa Mungu, na alikuwa amevaa tai.

"Serikali imesema, nasi tunafuata," alianza. "Hapa ni kiwanda, si wodi. Mteja akiingia akakuta mmoja kavaa, mmoja hakuvaa, anachanganyikiwa. Nataka tuwe kitu kimoja. Sitaki kulazimisha, tupige kura. Wanaotaka sote tuvue?"

Redio aliinua mikono yote miwili. Mkataji wa kwanza akainua wake. Wa pili akajikuna shingo, akasema yeye angengoja mwezi hivi, kwani aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na bibi yake walimzika katika wimbi la pili. Kisha Bi Jalada akainua mkono. Aliuinua wote, kiwiko kimenyooka.

Mwalimu alimtazama. Halafu akaanza kusema.

Bi Jalada aliona kitambaa kikiingia na kutoka, kikiingia na kutoka. Aliona mikono ya Mwalimu ikishikana juu ya meza. Aliona nyuso za wengine zikigeuka: mkataji akiinamisha kichwa, Redio akishusha mkono mmoja, kisha wa pili, Bosi akiilegeza tai. Kulikuwa na jambo zito limeingia chumbani, limepita mbele ya kila mtu, na yeye peke yake hakulipata. Angeweza kuitikia kwa kichwa. Alikuwa bingwa wa kuitikia kwa kichwa. Lakini mkono wake ulikuwa ungali juu peke yake, na watu walikuwa wameanza kumtazama kama mtu asiye na utu.

"Amesema nini?" aliuliza.

Redio alimkazia macho. "Si umesikia, Bi Jalada?"

"Sikusikia."

"Amesema kwa sauti, mtambo umezimwa."

"Nasema sikusikia. Mimi sisikii." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaiacha hivyo hivyo. "Mwaka wa kumi na moja huu. Nasoma midomo. Asiye na midomo mbele yangu ni sawa na ukuta. Haya, mmeshajua. Sasa mtu anigeukie uso aniambie amesema nini."

Redio ndiye aliyezunguka meza. Alisimama mbele yake, akainua kidevu na kidevu kikainua ndevu, akasema polepole kama anayemlisha mtoto: "Mumewe amepandikizwa figo. Figo ya mdogo wake. Miezi mitatu sasa. Dawa anazokunywa zinashusha kinga ya mwili, mafua tu yanaweza kumlaza. Daktari amesema hata mkewe asilegeze. Anasema hakutaka kutusumbua na mambo ya nyumbani kwake."

Bi Jalada alishusha mkono.

"Lakini una masikio ya popo!" Redio alishindwa kujizuia.

"Nina macho ya mwewe. Popo mlimleta nyinyi."

Bosi alikuwa amekunja uso, anahesabu mambo ya nyuma. "Kumbe yale majalada mekundu…"

"Yule mzee angeweza kuwa ameniimbia, Bosi. Sikupata kitu."

"Kwa nini hukusema? Ungesema tu!"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Bosi aliivuta tai yake. Alikuwa mtu mwema, kama nilivyosema, kwa hiyo hakudanganya.

"Basi," alisema Bi Jalada. "Ndiyo maana mimi nikaficha langu na yeye akaficha lake, tukatazamana meza kwa meza miaka miwili kila mmoja akimwona mwenzake ana kiburi. Na leo ulikuwa unamtafutia mtu wa kushika nafasi yake. Usiruke, nilikusoma kwenye kioo."

Bosi aligeuka kukitazama kioo cha ofisi yake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Wiki iliyofuata alikitundikia pazia.

Ubishi haukuisha hapo. Bosi alisema sawa, lakini wateja je? Mkataji wa kwanza alisema barakoa zimemtoa vipele, hazivai tena hata kwa mtutu. Redio alisema yeye atavaa akienda upande wa Mwalimu, lakini kuongea haachi. Bi Jalada aliwasikiliza wote, yaani aliwatazama wote, kichwa kikizunguka kama feni. Mwisho aligonga meza kwa mfupa wa kukunjia karatasi.

"Mimi nahitaji midomo," alisema. "Mwalimu anahitaji pumzi safi. Hakuna anayemdai mwenzake kitu cha ajabu. Mwalimu ahamie kona ya dirisha, dirisha lifunguliwe, anayemwendea avae, ni hatua sita, hafi mtu. Anayekuja kwangu avue na anitazame. Akitaka kuniambia kitu Mwalimu, aandike, au Redio ampokee anirushie. Alizaliwa kwa kazi hiyo. Na kaunta nirudishieni mimi. Wateja niachieni."

"Wakilalamika?"

"Wakilalamika, mimi sisikii."

Redio ndiye aliyeanza kucheka. Bosi naye akashindwa. Akasema wajaribu mwezi mmoja, na mwezi ulipoisha hakuna aliyemkumbusha.

Haikuwa asali siku ya kwanza. Mwalimu alihamia dirishani na vitabu vyake na siku mbili hakumtazama Bi Jalada. Siku ya tatu Bi Jalada alikuta kwenye meza yake kipande cha karatasi, yale mabaki membamba yanayodondoka chini ya kisu. Kimeandikwa: *Nilikuona ukiinua mkono.*

Alikaa nacho. Angeweza kuandika mengi, kuhusu kuchoka, kuhusu uso wa mtu kuwa mlango. Aliandika: *Niliunua. Nikaushusha.* Akakituma kwa mkataji.

Jibu lilirudi baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa karatasi ile ile, na juu ya neno la kwanza palikuwa na duara jekundu na herufi iliyosahaulika: *Niliuinua.* Pembeni, alama ya vema kwa "Nikaushusha." Bi Jalada alicheka peke yake mpaka gundi ikamdondokea kiatuni. Tangu siku hiyo waliandikiana kutwa, vipande kwa vipande, mambo ya kazi na mambo ya nyumbani, na hakuna kosa lililosamehewa.

Kaunta aliitawala. Aliweka kibao alichokijalidi mwenyewe kwa kitambaa cha kijani: MJALIDI HASIKII. NITAZAME, USIPIGE KELELE. Wengine bado walipiga kelele. Wengine waliomba radhi kana kwamba wao ndio waliomharibia masikio. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja na tasnifu yake na barakoa usoni, akasoma kibao, akaganda. Alieleza kwa ishara kwamba anaogopa kuvua. "Usivue, mwanangu," Bi Jalada alimwambia akimsogezea kalamu. "Andika. Afya yako ni yako. Mimi nataka rangi ya jalada tu, sitaki siri zako." Bwana mwingine, mnene, mwenye sauti iliyotikisa hata glasi, alitangaza kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa uongo mtupu tangu mwanzo. Huyo alijibiwa na mkataji wa pili, yule wa bibi, na alijibiwa vizuri.

Asubuhi moja, wiki kama tano hivi zimepita, mtambo ulikuwa ukinguruma kwa kazi kubwa ya kalenda. Bi Jalada alikuwa amepaka gundi migongo ya vitabu kumi na viwili alipomwona Mwalimu kasimama ghafla dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwepo mwanamume mwembamba mwenye kofia na barakoa. Hakuvuka. Mbele yake malori yalikuwa yanapita. Alipunga mkono, akatazama kushoto na kulia kuhakikisha hana mtu karibu, akaishusha barakoa kidevuni akaanza kusema.

Mwalimu aliweka mkono sikioni. Mtambo ulikuwa unakula kila kitu. Alimwonyesha ishara kwamba hapati neno, naye akarudia, kwa nguvu zaidi, na lori likapita. Mwalimu aligeuka. Macho yake yalimtafuta Bi Jalada ukumbi mzima.

Bi Jalada alikwishainuka. Alichukua barakoa kwenye droo, akaivaa, akaenda zile hatua sita, akasimama kando yake dirishani.

Yule mwanamume alikuwa na midomo mizuri, minene, yenye kujua kazi yake. "Anasema ametoka hospitali," alisema Bi Jalada, akimkazia macho. "Vipimo… vipimo viko sawa. Figo inafanya kazi. Subiri. Daktari amesema arudi baada ya miezi miwili, si wiki mbili tena. Miezi."

"Una hakika?" Mwalimu aliliandika hilo hewani kwa kidole, kwa kusahau karatasi.

"Mwezi na wiki hata kipofu hawezi kuvichanganya. Ngoja, hajamaliza." Bi Jalada alikunja macho. "Anasema… anauliza ufunguo wa nyumba umeuweka wapi. Amekaa mlangoni saa nzima."

Mwalimu alijipiga paji la uso. Aliurukia mkoba wake, akaukung'uta juu ya kurasa za kalenda alizokuwa akizisahihisha, na ufunguo ukaangukia juu ya mwezi wa nane. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kama alikuwa analia au anacheka, au vyote viwili, vile vitambaa viwili havikusema.

"Lete," alisema Bi Jalada. "Wewe una kazi ya watu hapo."

Alitoka na ufunguo, akangoja lori lipite, akavuka. Mume wa Mwalimu alikuwa ameshapandisha barakoa yake. Akaupokea ufunguo kwa ncha za vidole, wakasalimiana kwa viwiko, na Bi Jalada akarudi ndani mbio mbio, kwa sababu gundi ya migongo kumi na miwili ilikuwa imeanza kukauka.